Taa Ikiwaka Umeshachelewa: Uhakiki wa Dashibodi ya Gari la Zamani

Wadau wa sayansi, leo sihakiki kitabu wala makala ya utafiti. Nahakiki dashibodi. Najua kuna watakaosema hicho si kitu cha kuhakikiwa, lakini subirini kidogo. Dashibodi ina mtunzi, ambaye ni mhandisi aliyekaa kiwandani miaka mingi iliyopita. Ina msomaji, ambaye ni dereva. Na kuna mambo ambayo mtunzi aliamua kumwambia msomaji, na mengine aliamua kumficha. Ugomvi wangu uko kwenye yale aliyoyaficha.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu vihisi, yaani vile vifaa vinavyogeuza joto au shinikizo kuwa umeme unaoweza kusomeka. Lakini sikuanza kulifikiria suala hili maabara. Nilianza kulifikiria mlima Kitonga.

Kilichotokea Kitonga

Baba yangu mdogo ameendesha malori karibu miaka ishirini. Siku moja alikuwa anapandisha Kitonga kuelekea Iringa, lori la zamani, mzigo wa saruji na mabati. Katikati ya mlima taa nyekundu ya oili ikawaka. Wanaoijua barabara ile wanaelewa: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo, na nyuma yako foleni ya malori yanayonguruma. Hakuna pa kuegesha. Akaenda kama kilomita moja mpaka akapata pa kuchepukia. Alipozima, injini ilikuwa imeshanoki.

Mwenye lori hakuuliza mengi. "Taa iliwaka, wewe ukaendelea." Kwa maneno hayo manne baba mdogo akapoteza kazi, na mshahara wake wa mwisho ukaishia kwenye injini ya mtu mwingine.

Kwa muda mrefu na mimi niliona mwenye lori ana haki. Taa imewaka, zima. Siku hizi sioni hivyo, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Taa inajua nini?

Tuanze na fizikia kidogo. Pampu ya oili husukuma oili kwa kadiri injini inavyozunguka. Shinikizo, au presha kama mafundi wanavyosema, halitoki kwenye pampu peke yake. Linatokea kwa sababu oili inalazimishwa kupita kwenye nafasi nyembamba sana kati ya krenki shafti na bushi zake. Nafasi ikiwa ndogo, oili inapata upinzani na presha inakuwa nzuri. Bushi zikilika, nafasi inapanuka na oili inavuja kirahisi.

Sasa hapa kuna hesabu ya kutisha. Mtiririko kwenye upenyo mwembamba unakua kwa kipeo cha tatu cha unene wa upenyo huo. Nafasi ikiongezeka mara mbili, uvujaji haukui mara mbili. Unakua mara nane. Ndiyo maana injini inaweza kuzeeka taratibu kwa miaka, halafu ikaharibika kwa wiki chache.

Swichi ya taa ya oili inaelewa nini katika hayo yote? Karibu hakuna. Ndani yake kuna kiwambo chembamba na springi. Presha ikiwa juu ya kiwango fulani, kiwambo kinasukumwa na umeme unakatika. Presha ikishuka chini ya hapo, springi inashinda na taa inawaka. Kwenye magari mengi kiwango hicho ni kama nusu bar. Injini nzima ya aina hiyo, ikiwa ya moto na iko barabarani, huwa na bar 3 mpaka 4 hivi.

Piga hesabu mwenyewe. Presha ikishuka kutoka bar 4 hadi 3, taa kimya. Kutoka 3 hadi 2, kimya. Hadi 1, bado kimya. Katika safari yote ya kushuka mpaka sifuri, taa inanyamaza kwa sehemu saba kati ya nane, halafu inapiga kelele katika sehemu ya mwisho. Kwenye mwendo na mzigo kama ule wa Kitonga, nusu bar maana yake bushi zimeshaanza kusuguana chuma kwa chuma. Taa inakupa habari, lakini ni habari ya msiba.

Na kuna jambo lililonigusa zaidi. Baba mdogo aliniambia kwamba wiki kadhaa kabla ya siku ile, taa ilikuwa inakonyeza kidogo injini ikiwa ya moto na iko silensa. Akikanyaga mafuta, inazima. Fundi akamwambia, "Hiyo kawaida, gari ni zee."

Kumbe ule mkonyezo ulikuwa kipimo! Silensa, oili ya moto na nyepesi, pampu inazunguka polepole: hapo ndipo bushi zilizolika hujionyesha kwanza. Ukiongeza mwendo, pampu inasukuma zaidi na tatizo linafichika. Ile taa ilikuwa inasema presha ya silensa imefika nusu bar. Lakini kwa kuwa taa ina neno moja tu, dereva hakuweza kujua kama anaambiwa "angalia" au "simama".

Tuitendee haki taa

Uhakiki wa upande mmoja si uhakiki, kwa hiyo niseme na mazuri yake. Taa za onyo si za jana. Miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuondoa geji za oili na umeme na kuweka taa. Wamarekani wenyewe wakazipa jina la dharau, taa za wajinga, na jina hilo wanalo hadi leo.

Mimi sikubaliani na dharau hiyo. Dereva anatakiwa kuangalia barabara, siyo mishale. Usiku, bomba la oili likipasuka ghafla, mshale unaweza kulala kwenye sifuri usiuone kwa dakika nzima, lakini taa nyekundu utaiona hapo hapo. Tena taa ni rahisi, na inajipima yenyewe: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Isipowaka, globu imeungua au waya umekatika. Hii ni hatua ambayo madereva wengi wanaipuuza, na ndiyo pekee inayotofautisha taa iliyonyamaza kwa sababu mambo ni mazuri na taa iliyonyamaza kwa sababu imekufa.

Tatizo ni kizingiti. Kila kengele ya hatari ina mtu aliyeamua ilie wapi. Ukiweka kizingiti juu, italia ovyo mpaka watu waizoee. Ukikiweka chini, itachelewa. Mtengenezaji hataki wateja wamrudie kila injini inapochoka kidogo, hivyo anakiweka chini. Uamuzi huo ameufanya yeye, lakini lawama ikija inamwangukia dereva.

Taa ya joto ni hadithi ile ile

Swichi nyingi za taa ya joto hupangwa kuwaka maji yakizidi nyuzi 105 au hata zaidi. Hilo lina mantiki kama mfumo wa maji unashikilia presha, kwa sababu maji yenye presha hayachemki kwenye nyuzi 100. Kifuniko cha rejeta kinachoshikilia kama bar 1 kinasogeza kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 120.

Lakini tuangalie magari yetu. Kifuniko kimechoka, hakishikilii presha. Ndani kuna maji matupu ya bomba. Na uko Iringa mjini, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Unaona kinachokuja? Maji yatachemka, yatatoka kama mvuke, na kamwe hayatafika nyuzi 105 za kuiwasha taa. Rejeta inakauka, taa imetulia.

Hata geji hapa inahitaji msomaji mwerevu. Maji yakishuka chini ya kihisi, kihisi kinabaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Dereva asiyejua anafurahi: "Afadhali, limepoa." Anayejua anasimama. Mshale wa joto unaoshuka ghafla mlimani bila sababu ni dalili mbaya kuliko unaopanda.

Geji ya uongo

Kuna kitu kibaya kuliko taa: taa iliyovalishwa nguo za geji.

Ford walifanya hivyo kwenye pikapu zao za F-150. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 geji ya oili ilibaki kwenye dashibodi, ina mshale na herufi, lakini kihisi cha kweli kiliondolewa na kuwekwa swichi ya kawaida kama ile ya taa. Nyuma ya dashibodi wakaweka rezista ya omu 20. Matokeo yake presha ikiwa juu ya kizingiti, iwe kidogo au nyingi, mshale unasimama katikati palepale. Ikishuka chini ya kizingiti, unaanguka. Mazda nao walifanya kitu hicho hicho kwenye MX-5 katikati ya miaka ya 1990.

Sababu inayotajwa ni malalamiko ya wateja. Watu waliona mshale unashuka wakiwa silensa, jambo ambalo ni la kawaida kabisa oili ikiwa ya moto, wakalirudisha gari dukani. Badala ya kumfundisha msomaji kusoma, mtunzi akayabadilisha maandishi yasiseme kitu.

Hapa hukumu yangu haina huruma. Taa angalau inakiri kwamba inajua mambo mawili tu. Geji ya uongo inakufanya uamini kuwa unapima. Katika maabara, mwanafunzi akileta grafu ambayo pointi zote ziko kwenye mstari mmoja, tunamuuliza maswali. Dashibodi ikifanya hivyo, tunasema gari zima.

Tulipobadilisha wenyewe

Baada ya kukaa mwaka mmoja bila kazi ya uhakika, baba mdogo alichangiwa na ndugu akanunua pikapu ya Land Rover 109 ya mwaka 1978, injini ya dizeli. Magari hayo ya Series III yana geji ya joto na geji ya mafuta, lakini oili na chaji ni taa tu. Baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, wewe si umesomea hivi vitu? Sitaki kuambiwa tena taa iliwaka." Tukaamua kuweka geji ya oili na geji ya volti. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilituchukua wikiendi mbili, na makosa tuliyoyaona ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kosa la kwanza: kuondoa taa. Fundi alitaka kufungua swichi ya oili na kufunga kihisi cha geji mahali pake, maana tundu ni moja. Nikamwomba tuweke kiungo cha T, swichi ibaki upande mmoja na kihisi kikae upande wa pili. Geji inakuonyesha mwelekeo, taa inakuamsha ukiwa umesahau. Kuziweka pamoja ni bei ya kipande kidogo cha shaba.

Upande wa chaji ni mbaya zaidi, kwa sababu ile taa ya betri siyo pambo. Umeme mdogo unaopita kwenye globu yake ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha. Fundi alicheka: "Msomi, taa iwashe altaneta?" Tukaitoa globu, tukawasha injini. Geji mpya ya volti ikakaa kwenye 12 na kitu, yaani betri peke yake, hakuna chaji. Akakanyaga mafuta kwa nguvu ndipo ikaruka mpaka 14. Tukairudisha globu, chaji ikaja mara tu injini ilipowaka. Hakucheka tena, na kusema kweli mimi nilifurahi kupita kiasi.

Kosa la pili: geji na kihisi vya ukoo tofauti. Geji tulinunua duka moja, kihisi duka lingine. Tukafunga, tukafungua swichi bila kuwasha injini, mshale ukaruka mpaka mwisho. Baba mdogo akapiga makofi: "Unaona ilivyo na nguvu!"

Injini ilikuwa imezimwa. Presha ilikuwa sifuri.

Maelezo yake ni haya. Vihisi vya mtindo wa Ulaya kama vya VDO kwa kawaida vina omu 10 kwenye presha sifuri, na karibu omu 180 kwenye presha ya juu kabisa. Geji za mtindo wa Marekani zinatarajia kinyume: omu 240 ni sifuri, omu 33 ni mwisho. Ukizichanganya, sifuri inasomeka kama imejaa, na presha nzuri inasomeka kama ndogo. Tungeondoka hivyo, baba mdogo angefurahi zaidi siku ambayo oili ingekwisha yote. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha geji yoyote mpya ya oili kisikupite: fungua swichi, injini ikiwa imelala, mshale lazima usome sifuri.

Kosa la tatu ni la utepe. Kihisi cha waya mmoja kinarudisha umeme kupitia mwili wake kwenye chuma cha injini. Fundi alikuwa amezungushia nyuzi zake ule utepe mweupe wa mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka, ili oili isivuje. Oili haikuvuja, lakini na umeme haukupita vizuri. Mshale ukawa unatetemeka kama una homa.

Kosa la nne nililizuia mapema. Kuna geji za oili zisizotumia umeme, ambazo kijibomba chembamba huleta oili yenyewe mpaka ndani ya kabini. Zinasoma vizuri sana. Lakini kijibomba cha plastiki kikipasuka, oili ya moto inakumwagikia miguuni. Zipo pia geji za ampia ambazo umeme wote wa chaji hupita kwenye dashibodi kwa waya mnene, na kiungo kimoja kikilegea unaweza kuanzisha moto. Geji ya volti inatosha. Kwenye mfumo wa volti 12, gari limelala na betri imejaa, soma karibu 12.6. Injini ikiwaka, 13.8 mpaka 14.4. Kwa malori ya volti 24, zidisha mara mbili.

Na geji za zamani usizidharau. Ile ya joto na ile ya mafuta kwenye Land Rover hii zinalishwa na kifaa kimoja kinachotuliza volti. Zote mbili zikipanda pamoja, usikimbilie rejeta. Anza kwa kuangalia hicho kifaa na waya wake wa ethi.

Kilichobaki ni kusoma

Tulipomaliza tulilinganisha geji yetu na geji ya kupimia ya fundi, zikakubaliana vya kutosha. Halafu tukafanya jambo ambalo hakuna kiwanda kilichotusaidia. Tulichukua rangi ya kucha ya mama mdogo, tukaweka alama tatu kwenye kioo cha geji: presha asubuhi injini ikiwa baridi, presha barabarani ikiwa ya moto, presha silensa ikiwa ya moto. Namba za kitabu ni za injini mpya. Alama hizi ni za injini hii, ilivyo sasa.

Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu. Mshale wa silensa ulikuwa umeshuka chini ya alama, siyo sana, kama upana wa alama mbili. Barabarani ulikuwa sawa. Taa haijawahi hata kukonyeza. Aliangalia kiwango cha oili, kilikuwa kizuri. Akabadilisha oili na filta, mshale haukurudi. Akalipeleka gari kwa fundi, wakafungua karta, wakakuta bushi zimelika lakini krenki shafti bado nzima. Alilipa bushi na ufundi. Hakulipa injini.

Nimemuuliza kama angekuwa na geji siku ile ya Kitonga angefanya nini. Alifikiri kidogo akasema, "Nisingefika Kitonga. Ningekataa kuondoka Dar."

Hivyo hukumu yangu juu ya dashibodi ya taa peke yake: inafaa kwa gari jipya ambalo halitarajiwi kuharibika, na ambalo mwenyewe atalipeleka kwa fundi kila likiwaka taa. Kwa gari lililokwisha tembea miaka thelathini au arobaini, linalobeba mzigo na riziki ya familia, haitoshi. Weka geji ya kweli, acha taa mahali pake, hakikisha sifuri inasomeka sifuri, weka alama zako, na umfundishe anayeendesha maana ya kila alama. Mmiliki asiyetaka kugharamia hayo asimwambie dereva kwamba taa iliwaka.

Lile lori la Kitonga lilifungwa injini nyingine na kupewa dereva mwingine. Niliwahi kuchungulia ndani ya kabini yake stendi. Dashibodi ni ile ile.